Mwaka wa kujitolea kijijini Ujerumani kupitia weltwärts: nyota nne, ya tano nimeizuia

Nimerudi Songea, nimeshalala usingizi wa kutosha, sasa acha nitoe rivyu maana vijana mnaniuliza sana na majibu mengi mnayopewa ni ya watu waliokaa Berlin. Mimi nimekaa Allgäu, kusini kabisa mwa Bavaria karibu na mpaka wa Austria, kijiji ambacho ng'ombe ni wengi kuliko watu na wala sitanii.

Programu yenyewe ni ya wizara ya maendeleo ya Ujerumani. Ilianza 2008 kuleta vijana wao huku kwetu, wale mnaowaona chekechea wanapiga picha na watoto, afu 2013 wakafungua upande wa pili na sisi tukaanza kwenda kwao. Umri ni 18 mpaka 28. Ukifika unaingizwa kwenye utaratibu ule ule wa kujitolea wanaofanya wajerumani wenyewe, ulioanza 2011 waliposimamisha jeshi la lazima, kwaiyo unapata bima ya afya, likizo, siku 25 za semina kwa mwaka, chumba, msosi na hela ya mfukoni. Nauli ya ndege mimi sikulipa. Hela ya mfukoni nayo ni ya mfukoni kweli, inatosha bando, mafuta ya kupaka na kutoka mara moja moja, kama unawaza kujenga basi hii siyo yako. Baba mdogo mpaka leo haelewi, "yaani umeenda Ulaya kuogesha wazungu bure?" Ndiyo baba, na ningerudia.

Kazi yangu ilikuwa kwenye makazi ya watu wenye ulemavu wa akili. Asubuhi mapema unasaidia watu kuoga na kuvaa, mnakunywa chai, afu wao wanaenda karakana kwao kufanya kazi na wewe unabaki na usafi na kufua. Kitu kilichonisumbua mwanzoni ni mwendo. Kuna mzee anakula mwenyewe ila taratibu mno, supu inapoa, wenzake wameshatoka mezani, na ni marufuku kumlisha kwa sababu anaweza. Kwetu tungeshika kijiko tumalize tuoshe vyombo, na tungeona tumemsaidia. Pale unakaa, unasubiri, unapiga naye stori. Mambo ya utunzaji wa watu nimejifunza pale mezani kuliko semina zote, japo semina nazo zilikuwa poa kwa sababu unakutana na wenzio kutoka nchi zingine na mnasengenya baridi.

Lugha sasa. Nilienda na cheti cha kijerumani cha A2, yaani ngazi ya pili kutoka chini, najitambulisha vizuri tu, naagiza kahawa, siku ya kwanza bibi wa jirani akafungua mdomo nikahisi nimeshushwa nchi nyingine. Kule wanaongea kilugha chao, kijerumani cha kwenye kitabu wanakitoa ofisini. Walionifundisha ni wale wale niliokuwa nawahudumia, wanarudia sentensi zile zile kila siku na hawachoki kukusahihisha na wanacheka waziwazi, hakuna mwalimu mzuri kama huyo.

Usafiri ndo ulinimaliza. Basi la mwisho linapita jioni mapema, wikiendi ni kama hakuna, na boda hakuna! Ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima iliyoanza Mei 2023 kwa yuro 49 na saivi bei imeshapanda ni nzuri sana kama una basi la kupanda. Jumapili maduka yamefungwa, Desemba saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia, unabaki na dirisha lako. Na mtu niliyepewa kama mlezi wangu alikuwa anaishi mbali, ukimwandikia anajibu baada ya wiki. Nyota ya tano imeishia hapo.

Nilichomokaje? Zimamoto. Kule vijijini moto unazimwa na wanakijiji wenyewe kwa kujitolea, fundi bomba, mfugaji, mwalimu, king'ora kikilia wanaacha kazi wanakimbia, nchi nzima wako karibu milioni moja. Nikaanza kwenda kwenye mazoezi yao kuvuta mipira ya maji na ndo salamu zikaanza kuja na jina langu, kabla ya hapo nilikuwa "yule kutoka Afrika". Siku moja baada ya mazoezi wakaniuliza kwetu kuna nini, nikawaambia vita vya Majimaji, babu zetu kupigana na wakoloni wa kijerumani, 1905 mpaka 1907, na kwamba rais wao Steinmeier alikuja kwenye makumbusho yetu Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha. Hakuna aliyekuwa na habari. Wiki iliyofuata mmoja akaja ameshasoma, ana maswali kibao, tukakesha.

Ukipangiwa Allgäu, omba Mungu usikose Septemba. Ng'ombe wanashuka milimani walikokaa kama siku mia za kiangazi, kengele kubwa shingoni, kijiji chote kiko barabarani na bia. Anayetangulia anavishwa taji la maua, ila ni pale tu ambapo hakuna mnyama aliyekufa wala kupata ajali kule juu. Kukiwa na msiba hakuna taji. Mimi kwetu kuna wafugaji, hiyo niliielewa bila mkalimani.

Kwaiyo kabla ya kusaini waulize: basi la mwisho saa ngapi, mlezi anaishi wapi, kozi ya lugha ukiwa huko analipa nani. Wakijibu kwa kuzunguka zunguka omba kituo kingine. Maombi yanapitia shirika linalotuma vijana lililopo hapa hapa nchini, siyo kuandikia kijiji. Na makoti usihangaike kununua Kariakoo, kule maduka ya mitumba yapo na koti la maana la baridi unapata bei chee.