TAHADHARI: Anayepima udongo wa sheli za zamani hapa Tabora kwa kimashine cha mkononi, msimpe hela

Ndugu zangu wa Tabora mjini, na nyie wa Nzega, Urambo, Kaliua na Sikonge, someni haya kabla hamjatoa hela. Kuna mtu anazunguka anajiita mtaalamu wa kupima udongo kwenye viwanja vyenye matangi ya mafuta chini ya ardhi. Ana gari, ana kizibao cha kung'aa, ana kofia ngumu na karatasi zenye mihuri. Mimi na mume wangu tulimpa shilingi 1,200,000, na hakupima chochote. Hela yetu sina matumaini nayo tena. Ninachotaka ni mtu mwingine asije akachimba shimo la choo akakuta tulichokikuta sisi.

Kiwanja chenyewe kilikuwa sheli ndogo, imefungwa miaka mingi. Pampu ziling'olewa, bati za paa zikauzwa, kikabaki kisakafu cha zege na vifuniko viwili vya chuma vilivyoshika kutu. Muuzaji alisema matangi yalishanyonywa mafuta yote na kujazwa mchanga. Mume wangu aliwahi kufanya kazi ya kupakua mafuta, akakataa kulipa mpaka udongo upimwe. Dalali akadakia hapo hapo: "Mama, usihangaike, mtu wa kupima ninaye, kesho yupo hapa."

Kosa letu la kwanza ni hilo. Mpimaji tuliletewa na mtu anayekula kamisheni kiwanja kikiuzwa. Ukiona dalali au muuzaji ndiye anayekuchagulia mpimaji, kataa, hata kama ni mtu mnayesali naye safu moja.

Alikuja Jumamosi ya mwezi wa nane, saa nne asubuhi. Hakuwa na kekee ya kutobolea ardhi wala kibarua. Aliomba jembe letu. Akakwangua pembe nne za kiwanja, kina hakikufika hata kiwiko cha mkono, akaweka udongo kwenye mifuko ya plastiki ya kufungia karanga, akafunga fundo na kuandika 1, 2, 3, 4 kwa kalamu ya wino. Ile mifuko akaipanga mbele ya usukani, chini ya kioo cha gari, jua linaipiga, yeye akaenda kukaa chini ya mwembe kunywa soda. Mifuko ilikaa pale zaidi ya saa nzima. Niliona kwa macho yangu inavyofanya ukungu ndani, nikadhani ni unyevu wa kawaida.

Kisha akatoa kimashine cheusi chenye shingo inayopinda. Nilikuja kukijua baadaye: ni kile cha kusikilizia kama mtungi wa gesi ya kupikia unavuja. Akakipitisha juu ya ardhi, kama futi moja kutoka chini, kikanyamaza. "Kiwanja chenu ni safi kama sahani," akatuambia. Tukampa 700,000 ya kwanza, zilizobaki tukakubaliana ripoti ikitoka.

Sasa nieleze kwa nini yote yale hayakuwa kipimo, maana mimi mwenyewe nimejifunza baada ya kuumia.

Tangi la sheli hufukiwa, na kitako chake kinaweza kuwa mita tatu au nne kwenda chini. Likitoboka kwa kutu, au kiungo cha bomba kikilegea, petroli haipandi juu. Inashuka. Kwenye udongo wa kichanga kama wa kiwanja chetu inashuka haraka mpaka inapokutana na maji ya ardhini, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, inaelea juu yake na kusambaa kufuata maji yanakoelekea. Udongo wa juu hata ukimwagikiwa, jua na upepo huondoa ule mvuke. Kwa hiyo unaweza kukwangua juu ukapata mchanga msafi kabisa huku mita nne chini kumeoza. Anayepima kweli hushusha kekee ndefu mpaka chini ya kitako cha tangi, na hachagui pembe za kiwanja. Huchukua kwenye ncha mbili za tangi, chini ya njia ya bomba, pale pampu ziliposimama, na pale gari la mafuta lilipokuwa likimimina, kwa sababu huko ndiko mafuta huvuja na kumwagika.

Na udongo wenyewe hauwekwi kwenye mfuko wa karanga. Vitu vinavyotafutwa kwenye petroli ni benzini, toluini, ethilibenzini na zailini, na vyote hivyo huruka hewani upesi. Udongo hujazwa kwenye chupa ya kioo mpaka mdomoni pasibaki nafasi ya hewa, kifuniko kinakazwa, chupa inaingia kwenye boksi lenye barafu, na inasafiri ikiwa baridi, nyuzi kama 4, mpaka maabara. Pamoja nayo inakwenda fomu inayosainiwa na kila aliyeishika: nani aliichukua, saa ngapi, kina gani, nani aliipokea. Ule ukungu niliouona kwenye mifuko mbele ya usukani, humo ndimo kilichotakiwa kupimwa kilikuwa kinapotelea, kama kweli kilikuwamo.

Kuhusu mashine za mkononi, zipo za kweli za kunusa mvuke wa mafuta. Mtaalamu huiweka sawa kwanza kwa gesi maalum kabla ya kuanza kazi, kisha huipeleka kwenye udongo uliotoka chini. Kazi yake ni kumwonyesha achukue wapi udongo wa kupeleka maabara. Haiwezi kukuambia benzini ni kiasi gani. Mtu anayemaliza kipimo chote kwa mashine ya mkononi na kukupa jibu papo hapo anakuibia.

Ripoti ililetwa siku kumi baadaye. Kurasa 23, picha za rangi, mihuri miwili. Tukalipa 500,000 iliyobaki, wiki ile ile tukamlipa na muuzaji wa kiwanja.

Mwezi wa kumi tukaanza na shimo la choo. Fundi alipopita mita tatu akapiga kelele kutoka chini: "Mama, huku kunanuka mafuta!" Nilipoinama kwenye mdomo wa shimo nikaisikia harufu mwenyewe, kali, ile ya sheli wakati gari linapakua. Mchanga uliokuwa ukitoka ulikuwa umebadilika, kutoka wekundu kwenda kijivu, unateleza vidoleni. Kabla hatujaamua la kufanya, yule fundi kijana akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Tulimvuta kwa kamba. Alilala chini ya mwembe anatapika, jioni akapata nafuu zahanati, namshukuru Mungu mpaka leo. Mfukoni alikuwa na kiberiti na sigara mbili.

Hapa naomba mafundi visima na mafundi vyoo mnisikie vizuri. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unalala chini ya shimo, hautoki wenyewe. Unalewesha, unaweza kuua, na cheche moja ya kiberiti, ya simu au ya pampu ya umeme inatosha kuulipua. Mkisikia harufu, tokeni kwanza, maswali baadaye. Na asishuke mtu kumfuata mwenzake aliyeanguka. Mvuteni kwa kamba kutoka juu. Ndiyo maana kamba ifungwe kiunoni kabla mtu hajaingia.

Usiku ule mume wangu aliichukua ile ripoti tukaisoma upya, ukurasa kwa ukurasa, mezani. Tuliyoyaona naandika ili nanyi mjue pa kutazama. Iliandikwa kwamba udongo ulichukuliwa kina cha mita 4.5, na sisi tulikuwapo, jembe lilikuwa letu. Ukurasa wa tisa unasema eneo lina udongo wa mfinyanzi na liko mita 300 kutoka baharini. Baharini, Tabora! Maana yake waliinakili ripoti ya mtu mwingine wa pwani, wakabadilisha jina la mwenye kiwanja. Tarehe ya majibu ya maabara ilikuwa siku mbili kabla ya ile Jumamosi aliyokuja kukwangua. Na kwenye jedwali la benzini, mistari yote minne iliandikwa 0.00. Nimeelezwa na mtu wa maabara kwamba maabara ya kweli haiandiki sifuri tupu. Kila mashine ina kiwango cha mwisho inachoweza kukiona, kwa hiyo huandika "chini ya" kiasi fulani, na hicho kiasi hutajwa, pamoja na njia ya kipimo iliyotumika.

Asubuhi nikapiga simu kwenye maabara iliyotajwa. Nilitafuta namba yao mwenyewe. Ile ya kwenye ripoti niliiacha, kwani ingeweza kuwa ya rafiki yake. Nikawasomea namba ya sampuli. Hawana namba hiyo, hawamjui mtu huyo, na muhuri si wao. Simu ile ilichukua dakika sita. Ningeipiga kabla ya kulipa, leo nisingekuwa naandika haya.

Linaloniuma zaidi ya hela ni jirani yetu, mama mtu mzima anayeishi upande wa bondeni. Ana kisima cha mkono, anachota maji ya kunywa na ya kumwagilia mchicha anaouza. Mvua zilipoanza mwezi wa kumi na moja, maji ya ardhini yakapanda, naye akaanza kuona utando wa rangi rangi kwenye ndoo. Mwanzoni alidhani ndoo ilikuwa na sabuni. Benzini ni kemikali inayosababisha saratani ya damu, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita ya maji ya kunywa. Kiasi hicho pua haiwezi kukinusa. Kwa hiyo maji yakishanuka mafuta, ujue kikomo kinaweza kuwa kimeshapitwa. Dawa ya klorini haiondoi, na kuyachemsha jikoni ni kujijazia ule mvuke ndani ya nyumba. Nilimwendea nikamwambia ukweli wote, pamoja na uzembe wetu, kwamba tulikuwa na mashaka tangu mwezi wa nane na tukatulizwa na karatasi. Alinisikiliza, akasema, "Mwanangu, sasa wajukuu wangu wamekunywa miezi mingapi?" Sikuwa na jibu.

Kama unanunua kiwanja chenye historia ya sheli, gereji au bohari ya mafuta, mtafute mpimaji mwenyewe, umlipe mwenyewe. Mtaalamu wa mazingira anatakiwa awe amesajiliwa, kwa hiyo chukua jina na namba yake ya usajili ukaulize NEMC, ile ofisi ya serikali ya usimamizi wa mazingira, kabla hajagusa udongo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndiyo inayotoa leseni za vituo vya mafuta. Waulize kama kituo kile kiliwahi kuwa na leseni na kilifungwaje. Mpimaji akija, simama naye. Hesabu mashimo, pima kina kwa futikamba, piga picha ya kila chupa ikiwa na lebo, baki na nakala ya ile fomu, na majibu yatoke maabara yaje kwako moja kwa moja. Kama sheli ni ya zamani kabla ya 2006, mwambie apime na madini ya risasi, kwa sababu mwanzoni mwa mwaka huo ndipo nchi za kusini mwa Sahara zilipomaliza kuachana na petroli yenye risasi. Na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Yule wetu alitaka tumtumie kwa simu, kwa jina ambalo halikuwa lake, nasi tukatuma.

Polisi tumeripoti na RB, ile namba ya taarifa ya polisi, tunayo. Jina lake siliweki hapa kwa sababu suala liko mikononi mwao, lakini ukikutana na mtu wa kukwangua kwa jembe la kuazima na ripoti ya siku kumi, peleka taarifa kituoni siku hiyo hiyo. Hata kama ulishalipa na unaona aibu. Nami niliona aibu, wiki mbili nzima sikumwambia mtu, na katika wiki hizo mbili jirani yangu aliendelea kuchota.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema anayechafua ndiye anayelipa. Huo mzigo tunausukuma kwa aliyekuwa mwenye sheli, na najua utachukua muda. Shimo tumelizungushia miti na kamba nyekundu, mtoto asikaribie. Safari hii mpimaji tumemtafuta wenyewe, tumemhakiki, na amefanya kazi siku mbili kwa kekee, kina mita tano. Chupa nane za udongo na tatu za maji ya kisima zimeondoka Alhamisi kwenye boksi la barafu. Kisima cha mama tumekifunika bati na tofali juu, na kila asubuhi mume wangu anampelekea madumu manne ya maji ya bomba mpaka majibu yarudi.