Laptopu tatu za kukunja nilizozilinganisha, na kwa nini nilichukua ThinkPad X1 Yoga

Ninafundisha hisabati kidato cha tano na sita, na jioni nina wanafunzi wa tuisheni mtandaoni. Kuandika hisabati kwa kibodi ni mateso: utafute alama ya intigrali, uweke mipaka yake juu na chini, kisha sehemu, kisha kipeo. Nilitaka kuandika kwa mkono juu ya kioo, mwanafunzi aone kila hatua inavyozaliwa, na kipindi kikiisha nimtumie PDF. Mashine yenyewe hukaa begi moja na madaftari ya kusahihisha, kwa hiyo nilijiwekea mpaka wa kilo moja na nusu.

Bei za mpya zilikuwa nje ya uwezo wangu, nikaenda Kariakoo kwenye za mtumba. Nilibaki na tatu: Microsoft Surface Pro 7, HP EliteBook x360 1030 G3 na Lenovo ThinkPad X1 Yoga Gen 3. Mbili za mwisho kioo chake hukunjwa hadi nyuma ya kibodi; Surface ni tableti ambayo kibodi yake hubanduka. Nyingine nyingi niliziacha kwa sababu ya prosesa. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache sana, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. EliteBook x360 1030 G2 na G3 ukiziona mezani ni vigumu kuzitofautisha, lakini G2 ni ya kizazi cha saba. Muuzaji atakwambia, "Mwalimu, hizo ni zile zile, tofauti ni bei tu." Washa mashine, soma jina la prosesa. Ikiandikwa i5-8250U, ile 8 ndiyo kizazi. Ikiandikwa i5-1035G4, ni kizazi cha kumi.

Sasa uzito, maana ndio unaotangazwa kuliko kitu kingine. Surface Pro 7 ya i5 ina gramu 775 bila kibodi. Ukiongeza kibodi yake inapita kilo moja kidogo. HP inaanzia kilo 1.25, ThinkPad kilo 1.4. Kwenye begi tofauti hiyo sikuisikia sana, chaja na madaftari vinaimeza. Mkononi ni habari nyingine. Ukikunja laptopu hadi kibodi ikaenda nyuma, bado umeshika kibodi, betri na kila kitu. Kilo 1.25 au 1.4 juu ya mkono mmoja huku mwingine ukiandika, mkono unachoka kabla hujamaliza swali. Anayetaka kusimama darasani akiwa ameshika kioo kama daftari, kati ya hizi tatu achukue Surface bila kusita. Mimi huandika mashine ikiwa mezani, kwa hiyo nikaacha kuhesabu gramu nikaanza kuangalia kalamu.

Kalamu ndiyo iliyoamua. Ya Surface huuzwa kando, kama ilivyo kibodi yake, na ile ya kawaida inatumia betri ya AAAA, A nne, nyembamba kuliko ya rimoti. Zungukeni madukani muitafute hiyo betri ndipo mtanielewa. Ya HP nayo haina mahali pa kukaa ndani ya mashine, na kwenye mtumba kitu kisicho na mahali pa kukaa huwa kimeshapotea. HP zote nilizooneshwa hazikuwa na kalamu. ThinkPad ina tundu ubavuni: unaichomeka kalamu humo, inajichaji yenyewe. Ni nyembamba, na kwa kuandika muda mrefu ningependa iwe nene kidogo, lakini kila nikiitaka ipo na ina chaji.

Ukienda kujaribu, usiridhike na kusaini jina lako kwenye kioo. Saini huwa nzuri kila mahali. Chora mstari wa mshazari polepole, kutoka kona hadi kona. Kalamu za aina hii hutikisa mstari ukiandika taratibu, na kwenye Surface mawimbi yale niliyaona kuliko kwenye ThinkPad. Kwa mwandiko wa haraka hayasumbui. Kwa anayechora grafu na pembetatu kwa utulivu, yanakera. Kisha laza kiganja chako chote juu ya kioo uendelee kuandika, uone kama kinaacha madoa. Zote tatu zilifaulu hapo.

HP niliipenda kwa umbo. Ni ndogo, inchi 13.3, bodi ya alumini, bawaba ngumu isiyoyumba. Niliyooneshwa ilikuwa na Sure View, kitufe kinachofifisha kioo ili wa pembeni asisome. Kwa mtu wa benki ni jambo jema. Kwangu ilikuwa kasoro, kwa sababu hata nilipoizima, aliyekaa ubavuni aliona rangi zimepauka, na mimi kazi yangu ni kuwaonesha watu walioketi ubavuni.

Surface ina mambo mawili ambayo ThinkPad yangu haiyawezi. Ile ya i5 haina feni kabisa, kwa hiyo ukirekodi somo hakuna mvumo. Na kioo chake cha 3:2 ni kirefu, ukurasa wa maswali unaenea vizuri. Ila ukiipakata mapajani, ile nguzo yake ya nyuma inateleza, na haina HDMI, lazima ubebe kiunganishi ndipo uifikie projekta ya shule. ThinkPad na HP zina HDMI ya kawaida, unachomeka unaendelea.

Kuna jambo dogo la X1 Yoga Gen 3 ambalo sikulitarajia na nimelipenda mno: ukiikunja kwenda nyuma, vitufe vya kibodi vinazama na kujifunga. Ukiilaza mezani hakuna kinachobonyea chini yake. Kwa sasa huiweka mtindo wa hema ninapotazama video, na bapa kabisa ninapoandika kwenye OneNote, programu ya daftari ya Microsoft.

Kabla hujatoa pesa, fanya haya palepale dukani. Zima, washa, ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows: ikidai nenosiri la kampuni iliyoitumia zamani, rudisha. Andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uliobaki. Chaji kwa kila tundu la USB-C. ThinkPad za miaka ya 2017 hadi 2019 zilikuwa na tatizo la programu ya Thunderbolt, teknolojia inayoendesha matundu hayo ya USB-C, lililoweza kuua matundu hayo, na Lenovo ilitoa sasisho la kulitibu. Ukishanunua, liweke siku hiyo hiyo.

RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine, imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao katika zote tatu, huwezi kuongeza baadaye. Nilisubiri hadi ikapatikana yenye GB 16, nikaikataa ya GB 8 iliyokuwa bei nafuu, na Zoom, OneNote na kivinjari vikiwa wazi pamoja naona nilifanya sawa. Betri ni suala jingine. Ya ThinkPad na HP fundi anafungua skrubu za chini, anabadilisha. Ya Surface Pro 7 imegundishwa, na kuifikia lazima kioo kipashwe moto kibanduliwe. iFixit, tovuti inayofungua vifaa na kupima ufundi wake, waliipa alama 1 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengenezwa. Betri ya mtumba itakufa tu, na hapa kwetu kioo cha Surface kikipasuka wakati wa kubanduliwa, gharama yake inakaribia kununua mashine nyingine.