Mfamasia wa wodini aliyemwaga rambo la mama

Mama ana miaka 78, presha na magoti mabovu. Tulimleta kutoka Tukuyu baada ya kuanguka mara mbili ndani ya wiki moja, akalazwa siku sita katika hospitali moja hapa Mbeya mjini. Chakula cha wodini sikisemi. Nataka kumsema mfamasia, maana mimi nilidhani mfamasia ni mtu wa dirishani tu.

Siku ya pili akaja dada mmoja kijana. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Akaomba dawa zote za nyumbani, hata za mizizi. Mama alimkagua kwanza kwa macho, ndipo akachomoa chini ya mto rambo lake la plastiki, yale yaliyopigwa marufuku 2019. Dada akalimwaga kitandani.

Aibu ilikuwa yangu. Kulikuwa na amlodipini, dawa ya presha, ya zahanati, na vidonge vingine nilivyomnunulia mwenyewe huko Mwanjelwa, mjini hapa: boksi jingine, jina jingine, ndani amlodipini ileile. Mama alimeza vyote kila asubuhi. Miguu iliyovimba, ambayo sisi tuliisingizia baridi, dada akasema dawa hiyo ikizidi huvimbisha vifundo. Kulikuwa pia na diklofenaki ya magoti, inayopandisha presha na kuumiza figo, na piriton za kutafutia usingizi, ambazo mzee humwachia kizunguzungu. "Usiku akienda chooni, nani anamshika?" Nikanyamaza.

Hakufuta dawa yoyote mwenyewe. Aliandika kwenye faili, akamsubiri daktari wa raundi, wakaongea hapohapo kitandani. Jioni ikabaki amlodipini moja; diklofenaki ikapisha panado, piriton zikaondolewa. Akamchorea mama karatasi: jua kwa dawa ya asubuhi, mwezi kwa ya usiku.

Nampa nyota tano yeye, hospitali tatu. Tuliruhusiwa Jumamosi, na Jumamosi mfamasia wa wodini hayupo. Dirishani tulikaa saa mbili na zaidi, tukapewa vibahasha vya "1x2", yaani kimoja mara mbili kwa siku, bila neno la maelezo. Mama akaniuliza, "Hii ni mbili kwa mpigo?" Bila ile karatasi angezimeza hivyo.

Ukimlaza mzee, mwulizie mfamasia wa wodini siku za kazi, na uende na dawa zote, hata za kuonea aibu. Rambo mama amekataa kulitupa. Linatunza mbegu za maharage.