MX-5 mbili: iliyolala na iliyotembea

Tuseme uko Unguja, mbele yako Mazda MX-5 mbili za mwaka 1995, gari ndogo za watu wawili zenye paa la turubai la kukunja. Moja ina kilomita 38,000 tu, imelala miaka bandani Mazizini, karibu na bahari. Nyengine ina 140,000, inakwenda Bububu na kurudi kila siku.

Ya kwanza inang'aa, lakini piga magoti. Pitisha kidole chini ya mlango, karibu na tairi la nyuma. Matundu ya kutolea maji ya paa la turubai yakiziba, maji hutuama humo na bati huliwa kwa ndani. Rangi ikivimba kama lengelenge, kutu imeshatangulia. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012, mpira umeshakauka hata meno yakiwa mazima. Mkanda wa taiming, ule wa mpira unaozungusha vali za injini kwa mpangilio, nao huzeeka kwa miaka, si kwa kilomita peke yake.

Ya pili, omba risiti za fundi na ujaribu gia ya pili asubuhi, injini ikiwa baridi, uone kama inaingia bila kukwaruza.

Mimi ningechukua ya pili, bati lake likiwa zima. Ile ya kwanza naitaka pia, ila muuzaji aondoe kwenye bei ya gari gharama ya matairi, mkanda na vipande vyengine vyote vya mpira.