Kola ya mnyororo au kipande cha nyama: kumzoesha mbwa asivute kamba
Kola ya mnyororo hutegemea adhabu: mbwa akivuta kamba, mnyororo humbana shingo, na akirudi nyuma hulegea, hivyo hujifunza kukwepa maumivu. Njia ya zawadi, inayofuata kanuni alizozieleza mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner, humtaka mkufunzi asimame kamba inapokazika, kisha ampe mbwa nyama papo hapo anaporudi ubavuni, kwa sababu zawadi ikichelewa hata sekunde chache huenda akaihusisha na jambo jingine. Kola huweza kuleta matokeo upesi. Lakini mbwa anayebanwa kila amwonapo mbwa mwingine aweza kumhusisha huyo na maumivu, akazidi kuwa mkali. Kola za umeme, kali zaidi, zilipigwa marufuku Wales mwaka 2010. Mimi ningechagua nyama, ingawa hudai subira na mfuko usioisha vipande.