Betri ya maji au lithiamu kwa mafunzo ya sola ya likizo?

Kwa wanafunzi wa sekondari, betri ya maji (ya risasi na asidi) ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, inafundisha zaidi: wanapima asidi ya kila chumba cha betri (seli) kwa haidromita, kifaa cha kupima uzito wa kimiminika, na kuona karibu 1.265 ikijaa, 1.20 ikibaki nusu. Isishuke chini ya nusu hiyo, kwa hiyo una Wh (wati-saa, kipimo cha nishati) 600 tu. Ikiachwa bila chaji hadi likizo ijayo, salfeti hugandia sahani za ndani na betri imekwisha. Hutoa haidrojeni: fungua madirisha. Kimiminika cha ndani kikipungua, ongeza maji ya betri yaliyosafishwa (distilled), kamwe si asidi.

Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya Ah hizohizo hutoa kama Wh 1,000 na ni nyepesi mno, ila ikijizima kujilinda, mwanafunzi hudhani imekufa. Bajeti ikibana, ya maji inatosha kabisa. Kwa zote mbili, unganisha betri kwenye chaji kontrola (kifaa kinachodhibiti chaji kutoka paneli) kwanza, paneli baadaye.