Filamu ya kinga ya kioo cha mbele: ipi ununue, ipi uiache

Muuzaji wa filamu hizi, yaani plastiki angavu inayobandikwa nje ya kioo, ana video moja anayoipenda: jiwe linarushwa kwenye kioo cha mbele cha gari, linadunda, kioo kinabaki kizima. Itazame ukitaka, ila usinunue kwa ajili yake. Jiwe hugonga mara mojamoja. Wipa hupita palepale kila mvua inyeshapo, tena mara nyingi na vumbi chini yake, na hiyo ndiyo inayozimaliza filamu nyingi. Kwa hiyo nimezipanga kwa swali moja: ikishasuguliwa kwa miezi kadhaa, je, usiku bado unaiona barabara?

Nafasi ya kwanza naipa filamu ya PET yenye ngozi ngumu juu, iliyotengenezwa mahsusi kwa kioo cha mbele. PET ni plastiki ileile ya chupa za maji. Filamu yenyewe kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 100 hivi, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita, na ikibandikwa vizuri huioni. Ile ngozi ngumu ndiyo unayoilipia, kwa sababu ndiyo inayostahimili raba ya wipa. Ubaya wake ni ukaidi. Kioo cha mbele kimepinda pande mbili na PET haitaki kupinda, hivyo fundi huitandaza kwanza juu ya kioo na kuipuliza hewa moto hadi ishike umbo, kisha ndipo aigeuze upande wa gundi. Joto hilo likizidi mahali pamoja, hasa kioo kikiwa baridi, kioo chaweza kupasuka. Kazi hii si ya kujifunzia nyumbani, na kabla ya kuanza mkubaliane nani atalipa kioo kikipasuka mikononi mwa fundi.

Majina ya biashara kama ClearPlex na ExoShield yamejengwa juu ya kulinda kioo cha mbele hasa. Hata hivyo, kwa gari linalotembea kila siku tarajia mwaka mmoja au miwili, basi. Anayekuahidi miaka kumi anakusomea dhamana ya filamu ya kulinda rangi ya bodi.

Ya pili ni filamu ya TPU ya kioo, yaani plastiki laini ya jamii ya poliyuretani. Inavutika, inakubali mikunjo ya kioo, na hulipokea jiwe vizuri kuliko PET kwa sababu inabonyea kidogo. Mikwaruzo midogo hata hujifuta ikipata joto la jua. Mbona basi si ya kwanza? Ulaini huohuo huiponza: wipa huichora haraka, na taa za gari linalokuja zikiipiga usiku, michoro ile hutawanya mwanga mbele ya macho yako. Kwa dereva wa mchana kwenye barabara za changarawe, ningeiweka sawa na ile ya kwanza.

Ya tatu ni tabaka za kuchuna, zile za magari ya mashindano: filamu nyembamba kadhaa zimepangwa moja juu ya nyingine, ya juu ikichafuka inachunwa. Kwa mashindano ni sawa. Kwa gari la familia, kingo zake hukusanya vumbi na kila tabaka huongeza mng'ao usioutaka.

Ya mwisho kabisa ni filamu ya kulinda rangi ya bodi kubandikwa kiooni. Fundi mwenye kipande kilichobaki atakuambia ni kitu kilekile, tena kinene zaidi. Si kilekile. Nyingi zina mawimbi madogo kama ganda la chungwa, ambayo kwenye boneti huyaoni ila kwenye kioo huwezi kuacha kuyaona, na juu yake hazikuundwa kusuguliwa na wipa. Kataa hata ukipewa bure.

Dawa za kufukuza maji hazimo kwenye orodha kwa makusudi. Zinasaidia kwenye mvua, lakini hazizuii kokoto. Filamu ya ndani nayo hushika vipande kioo kikivunjika, ila jiwe hugonga nje.

Na wapo wasiohitaji kununua chochote. Ukiendesha mjini kwa mwendo mdogo, na kioo cha gari lako kinapatikana kwa bei nafuu, weka fedha yako. Kidonda kidogo cha kioo huzibwa kwa gundi maalumu. Hesabu hubadilika gari likiwa na kamera nyuma ya kioo, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Hapo kubadili kioo mara nyingi hufuatwa na kuipima na kuirekebisha kamera upya, na gharama hupanda. Lakini kamera hiyohiyo inahitaji kuona, kwa hiyo soma kitabu cha gari au uliza mtengenezaji kabla ya kuifunika. Soma pia sheria ya nchi yako: nyingi hutaka kioo cha mbele kipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga.

Kama kioo tayari kina ufa, uzibe kwanza. Filamu haitibu.

Kabla ya kulipa, omba kuonyeshwa gari lililobandikwa zamani, si la jana. Kaa kiti cha dereva, usogeze kichwa polepole ukitazama mstari ulionyooka kwa mbali. Mstari ukionekana kupinda, ondoka.

Ikishabandikwa, acha wipa zipumzike siku mbili au zaidi, kama fundi atakavyosema, na ufunge raba mpya. Vumbi liondoe kwa maji mengi, usilipanguse kavu, na dawa za vioo zenye amonia ziepuke. Mwulize pia fundi bei ya kuibandua, kwa sababu PET iliyopitiliza muda wake hukauka na kutoka vipandevipande, gundi ikibaki kiooni.